Skatingi ya Baba Mkwe

Fundi alirudi kutoka safari ya kazi na begi la nguo chafu begani, akafungua mlango wa nyumba yake mpya, akasimama palepale kizingitini kama mtu aliyekosea nyumba. Kuta zote zilikuwa zimeshapigwa skatingi.

Tueleweshane kidogo. Skatingi ni ule ubao mwembamba unaozunguka chini ya kuta, unaoficha pale ukuta na sakafu vinapokutana. Ni kitu kizuri, nyumba ikikosa unaona kabisa kuna upungufu. Lakini kila jambo na zamu yake, na mtu mwenye akili timamu havai viatu halafu ndiyo atafute soksi. Sakafu ya mbao hutangulia, skatingi hufuata na kukaa juu yake. Na mbao za sakafu ya Fundi zilikuwa bado stoo kwa rafiki yake, zimefungwa nailoni, zinamngoja mwenyewe arudi azitandike.

Mbao hizo alikuwa amezitafuta kwa muda mrefu. Kazi yake ndiyo hiyo, kutandika sakafu za mbao katika nyumba za watu, kumbi za watu, ofisi za watu, halafu jioni anarudi kukanyaga saruji. Mganga hajigangi, walimtania hivyo kila siku. Alipopata kiwanja na kuanza kujenga, aliapa kwamba safari hii na yeye atavua viatu kwake akanyage mbao.

"Nani kafanya hivi?" aliuliza.

Mkewe alitoka chumbani na futi ya kushonea shingoni, maana yeye ni fundi cherehani na futi ile haivui hata akienda sokoni. Alikuwa anacheka na macho yana maji.

"Baba," alisema. "Baba amekuja. Mume wangu, baba ameingia humu ndani."

Fundi aliweka begi chini taratibu. Kwa habari hiyo hata angeambiwa paa limeng'olewa, angetulia kwanza.

Huyo baba watu walimwita Mzee Msumari, kwa sababu alichokipigilia hakitoki, na alichokisema vilevile. Alikuwa na karakana ya useremala, na Fundi aliingia mle akiwa hajaota hata ndevu moja. Humo alijifunza kushika randa, kunoa patasi, kuchemsha gundi, na kujibu "ndiyo mzee" kwa kila alichoambiwa. Akakaa mpaka ndevu zikajaa. Kisha akaondoka kwenda kwenye kazi ya sakafu za mbao, na kama vile hiyo haikutosha, akatuma wazee kumposa binti wa mwenye karakana. "Nimemfundisha kushika randa, sasa amegeuka kuniranda mimi," Mzee alisema, na neno hilo likazunguka mtaani mpaka watoto wakalijua.

Posa aliikubali, kwa kuwa binti alishasema ni huyu au hakuna. Chakula cha harusi alikila kama mtu anayekunywa dawa. Tangu siku hiyo, miaka sita sasa, hakuwahi kuvuka kizingiti cha mwanawe. Binti alikwenda kumsalimia, yeye haji. Wakikutana msibani na Fundi, ni shikamoo, marahaba, basi, kila mtu anatazama upande wake. Binti alikuwa amezoea kulizungumza jambo hilo kwa utani, lakini usiku wa sikukuu mumewe alimsikia akilia ndani ya mto.

"Alikuja na mkokoteni umejaa mbao," mkewe alimsimulia. "Amevaa koti lake la kazi. Hakusema amesamehe wala hakusema nini. Amesema tu, nimesikia mmejenga, na nyumba bila skatingi ni mtu aliyevaa suti bila mkanda. Akaingia, akapiga magoti, akaanza."

"Na wewe ukamwacha? Mtoto wa seremala wewe, hukujua kwamba sakafu bado?"

Mkewe alizungusha futi kidoleni. "Nilijua. Baba hakujua. Nyumba zote alizowahi kufanyia kazi ni za saruji, ameikuta saruji imelainishwa vizuri, akaona ndiyo mwisho. Nilifungua mdomo kumwambia. Lakini alikuwa anapiga mluzi." Aliikunjua tena futi. "Hajapiga mluzi tangu mama alipofariki. Ningemkatisha vipi?"

Fundi alipiga magoti kuangalia kazi yenyewe, na kazi, jamani, ilikuwa kazi. Kila kona mbao mbili zilikutana bila kuacha pa kupenyeza ukucha. Ukingo wa juu umechongwa kwa mkono, umeviringwa, umepigwa vanishi mpaka unaona kivuli chako. Akagonga kwa kidole. Gundi, tena gundi ya kwenye chungu, na juu yake misumari.

"Hii haitoki," alisema. "Ikitoka inaondoka na nusu ya ukuta."

Walikaa jikoni, kila mmoja na kikombe cha chai, wakalipima jambo lenyewe. Njia zilikuwa tatu. Ya kwanza ni kubomoa skatingi, na hiyo hawakuijadili hata kidogo. Ya pili ni kuikata kwa chini palepale ilipo, kwa msumeno uliolazwa, unene wa ubao mmoja wa sakafu, ili sakafu ipite chini yake. Ukimaliza, hakuna atakayejua kitu, ila skatingi inabaki fupi kidogo. Hiyo ndiyo njia ya kitaalamu, na Fundi alishaifanya mara nyingi kwa watu. Lakini karakana ya Mzee Msumari ilikuwa na sheria moja iliyopita zote: kazi ya mtu haitiwi msumeno bila ruhusa yake mwenyewe. Kuna kijana aliwahi kupunguza mguu wa meza ya mwenzake, kwa nia njema kabisa, akafukuzwa kabla ya chai. Na huyu mzee jicho lake linaona upungufu wa karatasi moja.

"Na ya tatu?" mkewe aliuliza.

"Ya tatu naishia kabla ya skatingi, naacha nafasi, halafu juu ya nafasi napigilia kipande chembamba cha kuifunika."

Walitazamana, na wote wawili wakacheka bila furaha. Vipande vile Mzee aliviita viraka vya aibu. Kumwekea kiraka mbele ya skatingi yake ni afadhali umtukane.

"Basi mwambie," alisema mkewe.

"Mwambie wewe. Ni baba yako."

"Wewe ndiye fundi."

"Wewe ndiye mwanawe. Mimi nikimwambia amekosea, ataondoka na safari hii harudi tena."

"Ndiyo hilo ninaloogopa na mimi," mkewe alisema. "Miaka sita nimemngoja. Kwa ajili ya mbao? Tuache saruji, mume wangu. Mimi naridhika na saruji."

Hapo ndipo mtu unatamani kumshika Fundi sikio. Angeweza kuacha saruji, angeweza kupiga simu, angeweza hata kungoja mwezi. Yeye akachagua njia ya nne, ambayo haimo kwenye vitabu vya fundi yeyote. Aliamua kutandika mbao zigusane na skatingi moja kwa moja, bila nafasi yoyote. Skatingi ya baba mkwe ingebaki nzima, binti angebaki na baba yake, na yeye angevua viatu kwake. Kila mtu angefurahi isipokuwa mbao.

Na kuhusu mbao, hakuna aliyezijua kuliko yeye. Ubao hata ukikatwa unaendelea kupumua. Hewa ikiwa na maji unavimba, hewa ikikauka unasinyaa, ndiyo maana pembeni mwa ukuta huachwa nafasi ya kidole, ikafichwa chini ya skatingi. Maneno hayo aliwaambia wateja wake mpaka yakawa wimbo. Mteja mmoja alipotaka kubishana naye, alimjibu kwamba anayebana sakafu ndiye atakayekuja kubanwa mwenyewe. Sasa akajiambia kwamba mbao zake ni kavu, kwamba mvua bado ziko mbali, kwamba labda hizi zitakuwa na adabu. Moyoni alijua anajidanganya.

Akazileta mbao, akaziacha zizoee hewa ya nyumba, kisha akaanza. Akatandaza sponji jembamba juu ya saruji, akaanza na ubao wa kwanza ukutani, akaunganisha wa pili, ulimi wa huu ukaingia mferejini mwa ule, akagonga kwa nyundo ya mpira mpaka mstari ukafungwa. Hazipigiliwi chini hizi, zinashikana zenyewe kwa zenyewe kama familia. Kila alipofika ukutani alikata ubao wa mwisho sawasawa na skatingi, akausukuma kwa nguvu ukaingia kwa kulalamika. Kazi ikatoka imenyooka, rangi ya asali, hakuna ufa hata wa kuingiza uzi. Mkewe alitembea juu yake miguu mitupu kutoka chumba hadi chumba, na Fundi alimtazama akaona kosa lake limelipa.

Furaha hiyo ilidumu mpaka mvua ziliponyesha.

Zilikuja mapema mwaka ule, na zikaja kwa kishindo. Siku chache tu, ukuta unatoka jasho, chumvi jikoni imekuwa uji. Asubuhi moja mlango wa chumba cha kulala ukagoma nusu ya njia, Fundi akawa anatoka ubavu ubavu. Kisha katikati ya sebule mbao zikaanza kuinuka. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Huyu bwana aliziba ufa, akajenga kilima.

Jirani, mama mmoja asiyejua kunyamaza, alichungulia mlangoni akauliza, "Mmeweka tuta sebuleni ili mwizi apunguze mwendo?"

Lingekuwa jambo la kucheka, kama si kwamba Mzee Msumari alikuwa amekubali kuja kula chakula cha mchana Jumapili. Binti alimpigia simu, akajibu, "Nitakuja. Nikishakula naondoka." Kwa mtu mwingine maneno hayo ni ya ukavu. Binti aliyarudia siku nzima mbele ya cherehani kama mtu aliyetumiwa salamu na mchumba.

Jumamosi nzima mume na mke walipigana na tuta. Walilikalia, likazama, likainuka kwingine. Waliweka mfuko wa saruji uliobaki, mbao zikalia usiku kucha. Mwishowe wakasukuma lile kochi kubwa la watu watatu mpaka juu yake, na chini ya kochi wakatandika zulia la kuazima kwa jirani, ambaye aliwaazima kwa masharti kwamba na yeye aje kuona mwisho wake.

"Funika kombe mwanaharamu apite," mkewe alisema akijaribu kucheka.

"Mwanaharamu mwenyewe ni baba yako," Fundi alijibu, na cheko likakatika.

Jumapili Mzee alifika kwa wakati, shati limepigwa pasi, viatu amevivua mlangoni bila kuambiwa. Alisalimiwa, akaitikia. Jicho lake lilikwenda kwanza kwenye skatingi, likazunguka nayo ukuta mzima, na uso ukalainika kidogo. Kisha likashuka kwenye sakafu. Alisimama akiitazama.

"Karibu kiti hiki, baba," binti alisema upesi, akivuta kiti kidogo cha dirishani. "Kina upepo mzuri."

Lakini mzee mwenye heshima zake hawezi kukalishwa pembeni kama mgonjwa. Alikwenda moja kwa moja kwenye kochi kubwa, akaketi. Kochi likainama mbele. Akaegemea, likainama nyuma. Akakaa katikati akisubiri litulie, nalo likaendelea kumbembeleza taratibu.

"Kiti hiki kina mguu mfupi?" aliuliza.

"Ndiyo mzee," alisema Fundi.

Mzee aliinama akahesabu miguu, akaona yote mizima. Akainuka. Akaanza kutembea juu ya zulia kwa miguu yake mitupu, polepole, anapapasa kwa nyayo kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka. Jikoni sufuria ilichemka mpaka kifuniko kikawa kinacheza, hakuna aliyekwenda kuipunguza moto.

"Toeni zulia," alisema.

Walisukuma kochi pembeni, wakalitoa. Tuta likaonekana lote, limenona, halina haya. Mzee hakulitazama sana. Alikwenda ukutani, akapiga magoti kwa shida, akajaribu kupenyeza ukucha kati ya sakafu na skatingi yake. Haukuingia.

"Umebana," alisema bila kugeuka. "Hii ni sakafu inayotaka nafasi, nami nimetangulia kuifungia njia. Ndivyo?"

Fundi aliitikia kwa kichwa.

"Ulijua?"

"Nilijua, mzee."

"Kabla hujatandika?"

"Kabla."

"Mimi ndiye niliyemwambia asikwambie, baba," binti alisema. Haikuwa kweli kamili, wala haikuwa uongo.

Mzee alishika ukuta akainuka. Hakupaza sauti, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi, kwa maana akifoka wote walijua dawa yake. "Mgeni ndiye anayefichwa vitu chini ya zulia," alisema. "Mimi nilidhani nimekuja kwa watoto wangu. Nipeni viatu vyangu."

Akavivaa, akatoka. Binti aliketi chini palepale mlangoni, juu ya mbao nzuri za rangi ya asali, akafunika uso kwa ile futi na mikono yote miwili. Fundi alimtazama. Aliona mbele yake miaka mingine sita, na baada ya hiyo mingine, mpaka mzee afe wakutane kaburini. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa chochote karakanani. Akatoka mbio hivyohivyo, miguu mitupu, kwenye manyunyu.

Alimkuta karibu na duka la kona, anaruka kidimbwi kwa uangalifu wa mtu anayeheshimu viatu vyake.

"Mzee."

Mzee hakusimama.

"Mzee, umekosea."

Hapo akasimama. Mwenye duka, aliyekuwa anapanga sabuni, naye akasimama na sabuni mkononi.

"Sema tena," alisema Mzee Msumari.

Fundi aliona neno likishatoka halina haja ya kuogopwa tena. "Umekosea. Skatingi hupigwa baada ya sakafu. Ulitakiwa kuuliza, hukuuliza, ukapiga nyumba nzima. Ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kuona, lakini umeikosea mahali pake. Na mimi nimekosea zaidi yako, maana wewe hukujua, mimi nilijua. Niliogopa ukisikia utaondoka. Mkeo hayupo, mzee, na binti yako amebaki na wewe tu. Sikutaka nije kuwa mimi tena niliyekukosanisha naye."

Mzee alimgeukia. Manyunyu yalimtiririka usoni, akayaacha.

"Unajua kwa nini nilikukasirikia miaka yote hii?"

"Kwa sababu niliacha karakana. Na kwa sababu ya binti yako."

"Mpumbavu. Vijana wanaondoka, ndiyo kazi yao. Na binti ataolewa na nani, na kabati?" Alifuta uso kwa kiganja. "Nilikuuliza kwa mdomo wangu huu, tuko wawili tu, unafikiria kuondoka? Ukasema hapana mzee. Nikakuuliza, kuna jambo kati yako na mwanangu? Ukasema hapana mzee. Yote mawili nikaja kuyasikia kwa muuza misumari. Ndani ya karakana yangu mwenyewe, muuza misumari anajua, mimi sijui. Tangu hapo najiuliza. Nilikuwa mkali kiasi gani, hata mtoto niliyemlea aone ni salama zaidi kunidanganya?"

Fundi alikuwa amekuja kuomba radhi, si kujibu maswali. Lakini swali lilikuwa limeulizwa, na alishachoka na hapana mzee.

"Ulikuwa mkali sana," alisema. "Tulikuwa tunakuogopa mpaka kupiga chafya."

Mzee aliinamisha kichwa. Mabega yakamtikisika, na Fundi akadhani amemliza, kumbe anacheka, kicheko kikavu cha mtu aliyekaa muda mrefu bila kukitumia.

"Sasa unaanza kuzoea kusema," alisema. "Twende. Huo msumeno wako bado una meno, au na wenyewe unaona haya?"

Walipoingia, binti alikuwa bado mlangoni. Aliwaona wawili, wameloa chapachapa, mmoja na viatu mmoja bila. Alitaka kusema kitu, baba yake akamwahi. "Ondoka njiani, mama. Kuna kazi hapa."

Wakasukuma kochi nje ya sebule. Fundi akalaza msumeno bapa juu ya mbao za sakafu karibu na kizingiti, ukagusa skatingi pale unene wa ubao unapoishia. Kisha akaugeuza, akamkabidhi Mzee mpini.

"Anza wewe. Ni kazi yako."

"Mimi nimeshaimaliza yangu," alisema Mzee. Alijivutia kile kiti kidogo cha dirishani alichokikataa, akaketi karibu kabisa. "Kata. Misumari yangu yote iko juu, hutakutana nayo."

Fundi akakata. Mwanzoni alikata kidogokidogo, kwa sababu kuna vitu mtu anafundishwa akiwa mdogo vikaingia mpaka kwenye mifupa. Unga wa mbao ulimwagika mweupe, na harufu ikajaa chumba, harufu ya karakana ya zamani. Kila alipopunguza mkono, Mzee alisema "endelea" kwa sauti ya chini. Walipofika kona akashindwa kuvumilia, akashuka kitini, akachukua patasi, akawa anamalizia pembe ambazo msumeno haufiki, huku akilalamika kwamba patasi haijanolewa tangu siku ya harusi.

Kisha wakageukia sakafu yenyewe. Walipouondoa ule ubao wa mwisho uliokuwa umekabwa na ukuta, mbao zote zilishuka mara moja, tuta likalala chini na sauti ya mtu anayetua mzigo. Wote watatu waliisikia. Binti alicheka peke yake, akaziba mdomo. Kisha wakazifumua mbao zote za sebule, zije kutandikwa upya kwa nafasi.

Chakula walikula wamekaa chini kwenye korido, sahani mapajani, huku na huku mbao zimesimamishwa ukutani. Jirani alikuja kufuata zulia lake, akaona aliyoyaona, na inasemekana alikosa la kusema. Baada ya kula Mzee alinawa mikono, na binti akaenda kumletea viatu, kwa sababu alishasema mapema kwamba akishakula anaondoka, na yeye neno lake linajulikana. Alivisimamisha mbele yake, jozi moja, vimeelekea mlango. Hakumwangalia usoni.

Mzee alivitazama viatu. Akaitazama sebule iliyofumuliwa, akatazama vyumba vingine, kila kimoja na skatingi yake inayongoja kukatwa.

"Kazi hii haiishi leo," alisema. "Wala kesho. Mimi nitalala wapi?"

Binti alizungusha macho. Chumbani kwao ule mlango uliogoma ulikuwa umeng'olewa, chumba kidogo kimejaa mbao mpaka dirishani, sebuleni ni saruji na unga wa mbao.

"Hakuna pa kulala, baba. Kote kumefumuliwa."

"Sikuuliza kama kuna pa kulala. Nimeuliza nitalala wapi."

Binti akaenda kuvuta godoro. Alilitoa mwenyewe, akakataa kusaidiwa, akalikokota kwenye korido huku analia na hajali nani anamwona, akalitandika katikati ya sebule, juu ya saruji tupu, na shuka lake la wageni akaliacha kabatini, akatandika lile lao la kila siku. Baba yake alilikagua kwa mguu, akasema lisogezwe kidogo upande wa dirisha, maana hapo mkwe wake hatapata pa kupita na msumeno asubuhi.